Msihukumu Uvumbuzi kwa Macho ya Leo

Ndugu zangu, mmeshanisikia nikilipigia kelele jambo hili, na nitalirudia maana halijakoma. Rufani ya hataza, yaani haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ikifika mbele ya majaji, jibu liko mezani tayari. Na kitendawili kikishateguliwa, kila mtu hudai alikuwa analijua. Uvumbuzi ulio dhahiri haustahili hataza, lakini sheria haiulizi kama sisi leo tunaona jambo ni dhahiri. Inauliza kama lingekuwa dhahiri kwa fundi wa kawaida wa fani ile, wakati ule, kabla ya uvumbuzi wenyewe.

Chukueni kesi ya Adams, Mahakama ya Juu ya Marekani, 1966. Bert Adams alitengeneza betri ya magnesi na kloridi ya shaba. Unaiweka kavu, ukitaka umeme, unatia maji, hata ya chumvi. Serikali ikadai kila kipande kilishajulikana, basi jipya liko wapi? Jamani! Adams alipowapelekea jeshi betri hiyo, wataalamu wao wenyewe hawakuamini ingefaa kitu. Baadaye serikali ikaagiza betri hizo kwa watengenezaji bila kumwambia. Uliyesema haiwezekani, leo unasemaje ilikuwa dhahiri? Siku ya kusikilizwa, wakili wake aliitumbukiza betri ndogo kwenye glasi ya maji, taa ikawaka mbele ya majaji. Adams akashinda. Maarifa ya zamani yalikuwa yakimkatisha tamaa fundi asipite njia ile, na mahakama ikalizingatia hilo.

Najua yupo anayetaka kunitajia KSR ya 2007, kesi ya pedali ya gari katika mahakama hiyohiyo. Naikubali hukumu ile, iliyosema uvumbuzi wenyewe ulikuwa dhahiri. Pedali ya kurekebishwa ilikuwepo, kihisi cha kielektroniki kilikuwepo, na magari yalishaanza kuhamia kwenye vihisi. Fundi ana ubunifu wake, si mashine. Lakini isomeni yote! Inaonya dhidi ya kuhukumu kwa kuangalia nyuma, na inataka sababu ya kuunganisha vipande ielezwe. Jaji akiandika tu “ni akili ya kawaida” akafunga jalada, hajaeleza kitu.

Mauzo, hitaji la miaka mingi, wengine kujaribu wakashindwa: huo ni ushahidi kwamba uvumbuzi haukuwa dhahiri, usomwe kabla ya kuamua. Bodi za Rufani za Ofisi ya Hataza ya Ulaya haziridhiki kusikia kwamba fundi angeweza kufanya hivyo. Zinauliza kama angefanya, na kwa nini. Tuanze kuuliza hivyo katika kila rufani. Haya, maswali.