Saa ya Kugeuka: Kupanga Matembezi ya Siku Moja Katika Mlima Mrefu

SALMA: Karibu, msikilizaji. Leo tunazungumzia njia za mlimani zinazopita juu ya mita 3,000, ambako mtu huondoka alfajiri na kurudi siku hiyohiyo. Kaka Iddi, wengi huanza maandalizi kwa kutafuta viatu. Wewe huanzia wapi?

IDDI: Huanzia kwenye saa ya kugeuka, dada Salma, yaani ile saa ambayo, popote nitakapokuwa, nitakipa kilele mgongo na kushuka. Huiandika nikiwa bado nyumbani, kwa sababu akili itakayotakiwa kuamua huko juu ni ileile iliyopungukiwa na oksijeni na iliyokwisha kukitamani kilele.

SALMA: Hapo kwenye oksijeni pana jambo ambalo wengi hulielewa visivyo. Kiasi chake katika hewa ni takriban asilimia 21, pwani na mlimani vilevile. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, yaani nguvu ambayo hewa hugandamiza nayo, ambayo kwenye mita 3,000 hubaki karibu asilimia 70 ya ile ya usawa wa bahari, na ndiyo maana kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Saa yenyewe unaipataje?

IDDI: Hutumia kanuni aliyoitoa mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, pamoja na saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme njia ina kilomita sita kwenda na mita 900 za kupanda, ambazo nimezihesabu kwa kufuata kontua za ramani, yaani mistari inayounganisha mahali penye mwinuko sawa. Kanuni itanipa saa mbili na dakika 42. Lakini hesabu hiyo haijali wembamba wa hewa wala mapumziko, kwa hiyo mimi huiongeza kwa nusu, nikapata takriban saa nne. Nikianza saa kumi na moja alfajiri, natarajia kufika saa tatu asubuhi, na saa ya kugeuka naiweka saa tano.

SALMA: Saa tano! Mbona jua lingali changa?

IDDI: Katika milima mingi, jua likishapasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, na kufikia alasiri mawingu ya radi yamekwisha kujengeka. Anayesikia ngurumo akiwa ukingoni mwa mlima amekwisha kuchelewa. Niliwahi kujiongezea nusu saa kwa ajili ya kilele kilichoonekana kuwa hatua chache tu mbele. Nikashukia katika mvua ya mawe, na hata kilele chenyewe sikukifikia.

SALMA: Pole sana. Kwangu mimi, maumivu ya kichwa hushinda saa yoyote iliyoandikwa. Ugonjwa wa mwinuko huweza kuanza juu ya mita 2,500, na wala haumchagui mnyonge: kijana mwenye mapafu ya mkimbiaji huugua kama mwingine. Mtu akiumwa kichwa na kusikia kichefuchefu, asipande zaidi. Akianza kupepesuka, kuchanganyikiwa au kuhema hata akiwa ameketi, ateremshwe mara moja, tena asiachwe peke yake. Dalili mara nyingi huchelewa kwa saa kadhaa, basi aliyepelekwa kwa gari hadi mwanzo wa njia ulio juu sana ahesabu tangu alipofika hapo. Akiweza kulala usiku mmoja kwenye mwinuko wa wastani kabla ya safari, itamsaidia.

IDDI: Kuhusu shanta sitasema mengi: maji, chakula, ramani ya karatasi, tochi ya kichwani, koti la mvua na nguo ya joto isiyo ya pamba, kwa kuwa pamba ikilowa huchukua joto la mwili. Joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila mita 1,000, hivyo aliyeacha nyuzi 24 kwenye mita 1,000 akutane na nne au tano kwenye mita 4,000. Baridi hiyo haipunguzi ukali wa jua, kwa hiyo miwani na krimu visisahaulike.

SALMA: Nami huacha karatasi kwa mtu ninayemwamini, yenye jina la njia, idadi yetu, saa ya kugeuka na saa ya kuwaita waokoaji. Hiyo ya mwisho huiweka saa tatu baada ya muda wa kurudi, ili waokoaji wasije wakapandishwa mlima kwa sababu ya lengelenge la kisigino changu.