Kamba Iliyowekwa Chini
Mhadhara kwa viongozi wapya wa skauti wa kujitolea, Nairobi

Habari za asubuhi, walimu na wazazi wenzangu. Naona skafu zenu bado zina mikunjo ya dukani. Yangu ilikuwa hivyo hivyo siku niliyotolewa kwa Sungura, watoto wa miaka 6 hadi 10, nikapewa Chipukizi, wale wa 11 hadi 14. Nilidhani kazi ni ile ile, ila watoto wamerefuka.

Kwa Sungura unafunga kamba za viatu, unapangusa makamasi, unaanzisha wimbo. Nikaenda na mazoea hayo kambini. Patroli moja, yaani kikundi kidogo cha skauti, ilikuwa inahangaika na hema: vigingi vimepigwa wima badala ya kuinamishwa, kamba zinalegea, mawingu yanakuja. Sikuvumilia. Nikampokonya mmoja nyundo, nikamwambia kiongozi wa patroli, msichana wa miaka 13, "Lete hiyo kamba, tumechelewa." Hakunipa mkononi. Aliiweka chini, taratibu, akasema, "Sawa, mwalimu." Wenzake wakaketi juu ya mabegi kunitazama.

Hema lilisimama kama la kwenye picha. Kisha kwa siku mbili nzima, kila kitu waliniuliza mimi. Hata chumvi ya sukuma wiki.

Niliporudi nyumbani ndipo nikakumbuka yale niliyofundishwa na kuyajibu vizuri kwenye karatasi. Agosti 1907, kwenye kambi ya kwanza ya skauti kisiwani Brownsea kule Uingereza, Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alikuwa jenerali. Angeweza kabisa kuwapanga wale wavulana wapatao 20 mstari mmoja na kuwapigia amri. Lakini aliwagawa patroli nne, kila moja chini ya mvulana mwenzao. Mkienda Nyeri, alikozikwa mwaka 1941, mtaona kaburini duara yenye nukta katikati. Ni alama ya njia, ile ile ambayo Chipukizi wako huwachorea wenzake kwa kijiti: nimekwenda nyumbani. Mimi hunifurahisha sana kwamba jenerali mzima aliagwa kwa alama ya watoto.

Sasa, mtangulizi wako. Huyu watoto watamtaja kila Ijumaa: "Lakini mwalimu yule alikuwa anafanya hivi." Usinune, wala usianze kwa kubadilisha wimbo wa kufungia. Mtafute, mnywe chai, umwombe daftari. Langu lilikuja na ufunguo wa stoo na doa la samli kwenye jalada, lakini ndani mlikuwa na dhahabu: nani ana pumu na dawa yake inakaa mfuko gani, nani halali mbali na nyumbani bila kulia, mzazi gani hufanya kazi usiku na hapokei simu asubuhi. Hayo hayamo kwenye fomu yoyote.

Na hili silijadili: usikae faraghani na mtoto mmoja, si hemani, si garini, si kwa nia njema. Wawe watu wazima wawili, kila mara. Ukikosa mwenzako, kambi inaahirishwa. Wazazi watalalamika kuhusu nauli, acha walalamike.

Kambi ya pili nilimpa yule msichana kamba mwenyewe, mbele ya wenzake, nikaondoka. Alichagua mahali pabaya, bondeni kidogo. Nilimuuliza swali moja tu: "Mvua ikinyesha, maji yatapita wapi?" Akatazama, akaonyesha upande mwingine, akakosea. Maji yale hayangefika kifundo cha mguu, hivyo nikanyamaza.

Ilinyesha saa nane usiku. Nikasikia zipu, kelele, kisha sauti yake ikiwapanga: wewe mabegi, wewe tochi, nyinyi wawili shikeni nguzo. Mimi nilikuwa nimekaa hemani kwangu, buti miguuni, koti la mvua limefungwa hadi shingoni, nikihesabu sauti zao moja moja mpaka zikatimia saba. Sikutoka.