Jeni moja, mtulinga wako na panya asiye na mfupa: tujionee nyumbani

Jamboni ndugu zangu, karibuni tena mezani kwangu hapa Bukavu. Leo tunahitaji vikombe viwili, maharagi mekundu na meupe, karatasi, makasi, gundi, siki nyeupe na mfupa wa paja la kuku. Vyote nimevipata kwenye soko la Kadutu asubuhi.

Tuanze na mfupa, kwa sababu ndio unaokula siku nyingi. Ukwangue nyama yote kwa kisu, uuoshe, uutie ndani ya chupa yenye mdomo mpana na uufunike na siki. Tazameni hapa karibu: vipovu vidogo vinapanda kandokando ya mfupa. Siki imeanza kula madini. Badilisha siki kila baada ya siku mbili, mpaka zifike tano au sita. Chupa hii niliianza wiki iliyopita, tutaifungua mwishoni.

Sasa kila mmoja apitishe kidole kutoka chini ya koo kwenda begani. Huo mfupa mwembamba unaougusa ni mtulinga. Halafu, kama kuna mtoto mchanga nyumbani, mama yake akuoneshe utosi, pale laini panapopigapiga juu ya kichwa. Mtulinga na utosi, vyote viwili vinahitaji jeni iitwayo RUNX2, iliyo kwenye kromosomu ya 6 ya binadamu. Jeni hii haijengi mfupa kwa mkono wake. Inatoa protini inayoshika jeni nyingine na kuziamuru ziwake. Wataalamu huiita faktori ya transkripsheni. Ikiamuru, seli changa zinageuka kuwa osteoblasti, yaani mafundi wa mfupa.

Tutajuaje kwamba kweli ni yenyewe inayoamuru? Tunaivunja, halafu tunaangalia nini kimekosekana. Chukua karatasi, kata ukanda mrefu, andika kwa herufi kubwa: ITA MAFUNDI WA MFUPA. Kata katikati ya neno MAFUNDI. Kwenye karatasi ya rangi nyingine andika KINGA YA DAWA, uibandike hapo katikati. Jaribu kusoma sasa. Maana imepotea, sivyo? Maabara hufanya hivyo ndani ya seli shina za kiinitete cha panya, yaani seli za mwanzo kabisa zinazoweza kugeuka sehemu yoyote ya mwili. Hicho kipande cha kinga nacho kina kazi yake: seli zikimwagiwa dawa ya sumu, zile zisizokipokea zinakufa, zinabaki zilizokipokea, na kati ya hizo mtafiti anachagua zile ambazo kipande kimekaa mahali panapotakiwa. Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2007 kwa kufungua njia hii.

Panya wanaopatikana baadaye kutokana na seli hizo huwa na nakala mbili za jeni, moja nzima na moja iliyovunjika. Ndipo maharagi yanaingia. Kila kikombe ni mzazi mmoja: tia punje kumi nyekundu, ndizo nakala nzima, na kumi nyeupe, ndizo zilizovunjika. Funga macho, toa punje moja kila kikombe, ziweke pamoja, andika, zirudishe. Fanya mara 40. Utapata karibu 10 nyekundu tupu, 20 mchanganyiko na 10 nyeupe tupu. Namba zikikwenda kando kidogo usihangaike, endelea kuchota.

Hawa weupe tupu ndio wanaonigusa. Mwaka 1997, jarida la Cell lilitoa katika toleo moja kazi za makundi kadhaa kuhusu jeni hii, likiwemo kundi la Toshihisa Komori wa Japani. Wakati huo waliiita Cbfa1. Vichanga vya panya visivyo na nakala hata moja nzima vilizaliwa, vikafa punde tu, kwa sababu mbavu zilikuwa laini, hazikuweza kubeba pumzi. Watafiti walitia viunzi vyao rangi mbili: gegedu, ile tishu inayopinda kama ya sikio, hushika buluu, madini hushika nyekundu. Kiunzi kilitoka karibu chote buluu. Sehemu chache za gegedu zilikuwa zimeanza kuingia madini, lakini mfupa wenyewe haukuwepo popote. Ni kama kiwanja ambapo mchanga upo, simenti ipo, na fundi hakuja.

Na wale mchanganyiko? Waliishi. Ila mitulinga yao ilikuwa mifupi au haijakamilika, na utosi ulichelewa kufunga. Hapo watafiti walitambua kitu, kwa sababu watu wa aina hiyo walikuwa wakijulikana tangu zamani: Wafaransa Pierre Marie na Paul Sainton waliwaeleza mwaka 1898. Wengine wanaweza kukutanisha mabega mbele ya kifua, na meno huota ya ziada. Toleo lilelile la 1997 lilionesha kwamba nakala moja ya jeni hiyohiyo ndiyo iliyoharibika kwao.

Niseme hili kwa moyo wote. Mama ambaye mtoto wake amechelewa kufunga utosi, majirani humsemea mengi. Sababu ni nyingi, upungufu wa vitamini D ukiwemo, na ugonjwa huu wa jeni ni wa nadra sana. Mpelekeni mtoto kwa daktari, mwacheni mama apumzike na lawama.

Haya, tufungue chupa. Nautoa mfupa, nausuuza, naukunja taratibu... mnaona? Unapinda kama mpira. Lakini msichanganye: huu ulikuwa mfupa kamili, sisi tumeuondolea madini, zimebaki nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Wa panya haukuwahi kujengwa. Ukitaka kuwaonesha watoto kesho, uache ndani ya maji, kwa sababu ukikauka utakuwa mgumu tena.