Kupunguza Mngurumo wa Mapovu Unapozamia na Mtungi

Karibuni majini. Leo tupo Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, na kazi yetu ni moja: kupunguza ule mngurumo wa mapovu yanayotoka kwenye regyuleta, kile kifaa cha kupumulia tunachouma mdomoni, kila tunapotoa pumzi, ili samaki wasiikimbie kamera. Sikilizeni kwanza. Huyu mzamiaji yuko kina cha mita 12 na anapuliza kwa kishindo. Mbele yake kuna chewa. Mtazameni chewa anavyogeuka na kuingia pangoni kabla kamera haijamkaribia.

Majini sauti husafiri mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Kila povu hulia linapokatika kutoka kwenye regyuleta, na ukubwa wake ndio unaoamua mlio. Karibu na uso wa bahari, povu lenye upana wa sentimita 2 hulia kwa takriban hezi 330, yaani mitetemo 330 kwa sekunde. Lenye upana wa milimita 2 hulia kwa sauti nyembamba mara kumi ya hiyo. Samaki wengi wa matumbawe husikia vizuri sauti nzito, chini ya hezi 1,000. Ukipuliza mapovu makubwa kwa mkupuo, unawapigia kelele palepale wanaposikia vizuri zaidi. Kwa hiyo tunataka pumzi itoke nyembamba na ndefu.

Lakini kabla ya hatua ya kwanza, shikeni hili: hatuzuii pumzi. Kamwe. Hewa ya mapafuni hutanuka unapopanda, na hata kupanda mita moja au mbili ukiwa umejaza mapafu na kufunga koo kunaweza kuyachana. Na ukibania pumzi ili kupunguza mapovu, kaboni dayoksaidi inakusanyika mwilini, kichwa kinauma, kisha unaanza kuhema. Kelele inakuwa maradufu. Najua wapiga picha wengi hufanya hivyo wakidhani ni ustadi. Naomba muache.

Hatua ya kwanza tunaifanya nchi kavu. Funga regyuleta kwenye mtungi, fungua hewa, uitumbukize kwenye pipa la maji. Tazama viungo vya mipira ya kupitisha hewa na shingo ya mtungi. Kijipovu kinachotoka mfululizo maana yake oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, imechoka. Badilisha, kwa sababu huko chini kitalia tiki-tiki muda wote.

Pili, vizito. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu aliyebeba vizito vingi vya risasi hujaza hewa kwenye jaketi lake la kuelea ili asizame, mwili unasimama wima, anapiga mapezi bila kupumzika, anahema. Jipime mwisho wa mzamo, mtungi ukiwa na shinikizo la baa 50 hivi: toa hewa yote kwenye jaketi, pumua kawaida bila kupiga mapezi, na maji yafike usawa wa macho. Ukizama moja kwa moja, punguza kilo moja, jaribu tena siku inayofuata. Usipime mtungi ukiwa umejaa, kwani wa alumini wa lita 11 huwa mwepesi kwa kilo mbili hivi hewa inapotumika.

Tatu, pumzi yenyewe. Tazameni hapa, maji ya kina kifupi. Navuta polepole nikihesabu mpaka nne, natoa nikihesabu mpaka saba au nane. Ulimi uko karibu na kaakaa, kama ninayetaka kutamka "sss", koo liko wazi. Itoe kama unavyopuliza chai ya moto iliyojaa kikombe. Mmeona mapovu? Yanatoka madogo madogo, hayaji kwa rundo. Hesabu ikikubana, ifupishe. Ukiona unaitafuta hewa, sahau samaki na upumue vizuri.

Nne, kichwa. Regyuleta nyingi zina matundu mawili ya kutolea, kushoto na kulia. Ukiinamisha kichwa upande wa kulia, mapovu hutokea tundu la kushoto, kwa sababu liko juu zaidi. Basi weka samaki na kamera upande ulioshuka.

Tano, kumsogelea. Huku Mafia tuchague siku za maji mafu, maana wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo wa Mlango wa Kinasi, mlango wa ghuba hii kuelekea baharini, unakulazimisha kufanya kazi, na kazi ni pumzi. Uelekee mkondo ili mapovu yabaki nyuma yako. Njoo kwa mshazari, usawa wa samaki au chini yake kidogo, toa pumzi ndefu ukiwa bado mbali, kisha tulia. Samaki wengi huanza kukuzoea ukikaa bila kurusharusha mikono. Usiingie chini ya mwamba uliojitokeza: mapovu yatagonga dari, yataangusha mchanga, na hewa itakwama juu ya viumbe walioshika pale.

Kuna wanaouliza kama wanaweza kufunga bomba la kupeleka mapovu nyuma ya kichwa. Hapana. Regyuleta za mipira miwili, zilizotokana na kifaa cha Cousteau na Gagnan cha mwaka 1943, zilitoa mapovu kisogoni, lakini kiwambo chao, ule utando unaohisi shinikizo la maji na kufungulia hewa, nacho kilikuwa kisogoni. Tundu la kutolea likikaa juu ya kiwambo, shinikizo pale ni dogo zaidi, na tofauti ya sentimita chache tu za maji inatosha kufungulia hewa imwagike yenyewe. Vifaa vinavyorudisha pumzi, vikichuja kaboni dayoksaidi kwa chokaa maalumu na kuongeza oksijeni, hupunguza mapovu kweli. Vinataka mafunzo yake kamili, kwani oksijeni ikipungua humo unaweza kuzimia bila dalili.

Mkipanda, tumieni zile dakika 3 za kusimama kwenye mita 5 kufanya zoezi la hatua ya tatu, na kamera iendelee kurekodi. Jioni sikilizeni kwa vipokea sauti vya masikioni. Kama mlio mkali wa kuvuta sasa unazidi mngurumo wa kutoa, na umeongezeka kuliko zamani, peleka regyuleta kwa fundi aangalie vali.