Aksoloti Amekunja Matamvua: Kabla ya Dawa, Pima Maji

ZUHURA: Kaka Baraka, tuanze na video ya msikilizaji wetu. Aksoloti wake, yule amfibia wa kufugwa anayeishi majini, amekunja matamvua yake ya kupumulia kuelekea mbele, ncha ya mkia imejipinda, na akipewa nyungunyungu anageuza kichwa. Anauliza ampe dawa gani.

BARAKA: Asimpe dawa yoyote bado. Apime maji. Yale matamvua ni ngozi laini iliyo wazi majini, sumu ikiwemo huanza kuyaunguza yenyewe. Amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, iwe sifuri; nitriti, sumu inayozaliwa na amonia, nayo sifuri.

ZUHURA: Anasema maji yake ni maangavu kabisa.

BARAKA: Amonia haionekani, dada yangu. Hasa tangi jipya! Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na sumu kali, huchukua wiki kadhaa kujijenga. Watu wananunua tangi na mnyama siku moja. Hilo linaniuma sana, kwa sababu anayeteseka hakuchagua.

ZUHURA: Na vipimo vikiwa vizuri?

BARAKA: Aangalie chujio linavyosukuma maji. Asili ya mnyama huyu ni maziwa na mifereji ya Xochimilco, kusini mwa jiji la Mexico, kwenye maji yaliyotulia. Ukimweka penye mkondo mkali anachoka, na matamvua yanajikunja vilevile. Bomba ligeuzwe lielekee kwenye kioo.

ZUHURA: Mimi ningeshika na themometa papo hapo. Nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi zinamfaa. Zikivuka 24 yuko hatarini. Maji yakipata joto oksijeni inapungua, huku mwili wake unaitaka zaidi. Ndiyo maana anagoma kula, anapanda juu kuvuta hewa.

BARAKA: Ila mtu asishtuke akimwona amepanda mara moja moja. Ana mapafu pia, hiyo ni kawaida yake.

ZUHURA: Kweli. Cha kutisha ni akipanda kila dakika, au akielea akashindwa kushuka. Hapo nauliza: sakafu ya tangi ina nini? Yeye hula kwa kufyonza, chakula na maji kwa pamoja. Changarawe inayoenea mdomoni itaingia, na inaweza kuziba utumbo. Bora sakafu tupu, au mchanga laini kabisa.

BARAKA: Na yule anayekurupuka ghafla akijigonga kwenye kioo?

ZUHURA: Ikitokea baada ya kubadilisha maji, fikiria klorini ya bombani. Kama ni taa ikiwashwa, basi ni mwanga. Hana kope za kufumba. Mpe pango la kujificha.

BARAKA: Basi huyu wa leo: apime usiku huuhuu. Amonia ikionekana, abadilishe sehemu ya maji kila siku, yawe yametolewa klorini na joto lilingane na la tangi. Akiona utando mweupe kama pamba kwenye matamvua, hiyo ni kuvu, amtafute daktari wa mifugo anayejua amfibia.

ZUHURA: Na atutumie namba za vipimo, video tumeshaiona.