Kona Nne Kati ya Mia Sita: Namna ya Kuchagua Nukta Tunazozihitaji Katika Picha

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi viongozi wa BMU, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, mliotoka mwaloni Kirumba, Mwanza, kuja kutusikiliza mchana huu: wazee wangu, shikamooni, na wengine wote habari za mchana.

Naomba nianze na jiwe ambalo kila mmoja wetu analifahamu. Wiki iliyopita nilipiga picha ya Jiwe la Bismarck nikiwa upande wa kivuko cha Kamanga, kisha nikaipitisha kwenye programu ya kugundua kona. Jiwe lile ni la mviringo, limelambwa na upepo na mvua kwa miaka isiyohesabika, na mtu akiulizwa lina kona ngapi atajibu kwamba halina hata moja. Programu ilirudisha mamia ya kona. Ilizikuta kwenye nyufa, kwenye madoa meupe ya kinyesi cha ndege, na kwenye vijiwimbi vilivyomulikwa na jua chini ya jiwe. Haikukosea hata kidogo. Ilijibu swali ililoulizwa, na swali hilo si lile ambalo wengi wetu hudhani tumeliuliza. Hapo ndipo ulipo uzito wa mhadhara wangu wa leo: kugundua kona ni kazi moja, na kuchagua kona unayoitaka ni kazi nyingine kabisa, inayodai maarifa ambayo hayamo ndani ya picha.

Mfano nitakaoutumia hadi mwisho ni wa ubao wa kupimia samaki. Tuna ubao wa rangi ya buluu, wenye urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 50. Sangara hulazwa juu yake, mtu anapiga picha kwa simu, na kompyuta inatakiwa iseme samaki ana urefu gani, kwa sababu sangara aliye chini ya sentimita 50 ni mchanga na hakupaswa kuvuliwa. Ili kompyuta igeuze pikseli, yaani vijiraba vidogo vinavyounda picha, kuwa sentimita, inahitaji kuzijua kona nne za ubao. Badiliko linalounyoosha ubao uliopigwa kwa kuinamisha simu lina namba 8 zisizojulikana, na kila kona inatupatia milinganyo 2, kwa hiyo kona 4 zinatosha kabisa na 3 hazitoshi. Katika picha ya kawaida ya asubuhi pale mwaloni, kigunduzi hurudisha nukta kama 600: magamba, miiba ya pezi la mgongoni, maandishi ya kwenye kreti, matundu ya nyavu, vidole vya aliyemshika samaki. Nne kati ya hizo ndizo zetu.

Kigunduzi kinauliza nini hasa? Hans Moravec, akitengeneza gari la roboti pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, katika miaka ya 1970, alilieleza jambo hili kwa namna ambayo bado naiona kuwa bora kwa mwanafunzi: chukua kidirisha kidogo cha picha, kisogeze kidogo kila upande, uangalie kama kilichomo kinabadilika. Ukikisogeza juu ya ukuta mtupu, hakuna kinachobadilika. Ukikisogeza kando ya ukingo wa ubao kwa kuufuata ukingo huo, bado hakuna kinachobadilika, ingawa ukikivusha ukingo mabadiliko ni makubwa. Kwenye kona, popote utakapokisogeza, mabadiliko yapo. Mwaka 1988 Chris Harris na Mike Stephens, wakiwa Uingereza, waliligeuza wazo hilo kuwa hesabu safi. Kwa kila pikseli hupatikana namba mbili, ya kwanza ikipima mabadiliko katika mwelekeo yanakozidi na ya pili katika mwelekeo yanakopungua, kisha alama ya nukta hupatikana kwa kuzidisha namba hizo mbili na kutoa kipande kidogo, kwa kawaida 0.04, cha mraba wa jumla yake.

Tuifanye hesabu hiyo kwa mikono. Ukingo wenye namba 900 na 2 una zao la 1,800. Jumla yake ni 902, mraba wake ni 813,604, na asilimia 4 ya mraba huo ni kama 32,544, kwa hiyo alama ni hasi 30,744. Kona yenye namba 500 na 400 ina zao la 200,000, na kinachotolewa ni 32,400, kwa hiyo alama ni 167,600. Ukingo umezama, kona imepaa. Jianbo Shi na Carlo Tomasi, mwaka 1994, walipendekeza njia fupi zaidi: angalia ile namba ndogo peke yake. Kwa ukingo wetu ni 2, kwa kona ni 400, na maamuzi yanatoka yale yale.

Angalieni kisichokuwamo katika hesabu hiyo. Hakuna ubao, hakuna samaki, hakuna sentimita. Alama kubwa maana yake ni kwamba mwanga unabadilika kwa nguvu katika pande zote, basi. Kwa hiyo mwanafunzi anayechukua nukta nne zenye alama za juu akidhani atapata kona nne za ubao, ameipa programu uamuzi ambao haina uwezo wa kuutoa. Nimewahi kufanya hivyo mwenyewe, na nukta zote nne ziliangukia kwenye herufi moja nyeusi ya kreti jeupe.

Kizingiti, yaani alama ya chini kabisa ambayo nukta ikishindwa kuifikia hutupwa, nacho kina mtego wake, na naomba nikae hapa kidogo kwa sababu umenila siku nyingi. Katika OpenCV, programu huria ambayo wengi wenu mnaitumia, kizingiti hupangwa kama sehemu ya alama ya nukta yenye nguvu kuliko zote. Mara nyingi watu huweka 0.01, yaani nukta yoyote isiyofikia moja ya mia ya bingwa hutupwa. Sasa chukulia kwamba bingwa ni mng'aro wa jua kwenye maji, na kwamba kona ya ubao ina tofauti ya mwanga iliyo robo tu ya tofauti ya mng'aro ule. Namba mbili nilizozitaja hukua kwa mraba wa tofauti ya mwanga, kwa hiyo kwa njia ya Shi na Tomasi kona hiyo itapata 1/16 ya alama ya bingwa, na itasalimika. Kwa njia ya Harris namba mbili zinazidishwa, alama inashuka hadi 1/256, na kona inatupwa. Picha ni ile ile, ubao ni ule ule, kizingiti ni kile kile. Tone moja la maji linalometameta limetosha kuifuta kona uliyoitafuta. Kwa kazi za ufukweni, ushauri wangu ni kuanza na njia ya Shi na Tomasi, kukishusha kizingiti, na kuacha uchujaji mkali uje baadaye, kwa vigezo vyenye maana zaidi kuliko nguvu.

Jambo la pili ni msongamano. Kona moja halisi huleta pikseli kadhaa zenye alama nzuri, kwa hiyo kwanza tunabakiza kile kilele tu katika kila ujirani, na majirani wake tunawafuta. Hata hivyo, sehemu yenye magamba itabaki na vilele vingi huku pembe ya ubao ikiwa na kimoja. Dawa iliyo nzuri zaidi ilielezwa na Matthew Brown, Richard Szeliski na Simon Winder mwaka 2005, nami hupenda kuieleza kwa taa za wavuvi wa dagaa. Usiku wa giza, ukiwa mlimani Capri Point, unaona taa zimetapakaa ziwani. Chagua taa yoyote na uulize: ni umbali gani hadi taa ya karibu inayoizidi mwanga kwa kiasi cha kuonekana? Taa hafifu iliyo ubavuni mwa taa kali ina umbali mfupi. Taa hiyo hiyo hafifu, ikiwa peke yake upande wa Ukerewe, ina umbali mrefu, na huko ndiyo mfalme. Tunazipanga nukta kwa umbali huo badala ya kuzipanga kwa nguvu, tunachukua za mwanzo, na tunapata wagombea waliosambaa picha nzima. Kona za ubao, ambazo kwa kawaida hukaa pembeni mbali na fujo ya samaki, hufaidika sana.

Kwa nini tuhangaike kupunguza? Kwa sababu ukitaka kujaribu kila kundi la nukta nne kati ya 600, utajaribu makundi zaidi ya bilioni 5. Kati ya nukta 30, makundi ni 27,405, na simu ya kawaida itayamaliza bila wewe kuhisi umesubiri.

Sasa tumefika mahali pa kuingiza maarifa yetu. Njia inayopatikana kila mahali ni hii: jumlisha kipimo cha mlalo na cha wima cha kila nukta. Kwa kuwa katika picha kipimo cha wima huhesabiwa kutoka juu kwenda chini, jumla ndogo kabisa ni kona ya juu kushoto na jumla kubwa kabisa ni ya chini kulia. Kisha toa mlalo kutoka kwenye wima: tofauti ndogo kabisa ni juu kulia, kubwa kabisa ni chini kushoto. Katika picha mojawapo, kona za ubao zilikuwa (210, 145), (1040, 190), (1010, 640) na (180, 600). Jumla zake ni 355, 1230, 1650 na 780. Tofauti zake ni hasi 65, hasi 850, hasi 370 na 420. Kila kona imejitambulisha bila ubishi. Lakini dagaa mmoja mkavu aliyeangukia kwenye (60, 90) ana jumla ya 150, naye ananyakua nafasi ya kona ya juu kushoto. Na ubao ukikaa kama almasi, kwa mfano (500, 100), (900, 500), (500, 900) na (100, 500), jumla zinakuwa 600, 1400, 1400 na 600, na tofauti nazo zinafungana mbili mbili. Njia hii haichagui kona; inazipa majina kona zilizokwisha kuchaguliwa, tena pale tu ubao ulipokaa wima. Kwa kupanga, mimi huzizungusha nukta nne kwa pembe kutoka katikati yao, na kona moja ya ubao tumeipaka nyekundu ili tujue pa kuanzia.

Kuchagua kwenyewe tunakufanya kwa kutembea kwenye kingo. Chukua wagombea wanne, hakikisha umbo lao halijibonyezi ndani, kisha tembea kutoka nukta moja hadi inayofuata ukisimama mara 50 njiani, na kila unaposimama uulize: je, hapa mwanga unabadilika kwa kuukata mstari huu, na je, upande wa ndani ni buluu? Kona mbili za kweli zina ukingo wa ubao kati yao, kwa hiyo jibu litakuwa ndiyo karibu kila hatua. Gamba la samaki na herufi ya kreti, hata ziwe na alama kubwa namna gani, hazina kitu kilichonyooka kati yao. Kundi lenye ndiyo nyingi zaidi ndilo ubao. Sijaona kipimo kingine rahisi kinachouzidi huu kwa uaminifu, maana kinaitumia picha nzima ya ubao, si vidirisha vinne vya pikseli chache.

Nimesisitiza hivi kwa sababu kosa la hapa linamfikia mtu mfukoni. Katika picha yetu sentimita 100 za ubao ni kama pikseli 830. Rangi ikibanduka kwenye pembe, kigunduzi kinaweza kushika ukingo wa rangi iliyobaki, pikseli 25 ndani, na ikitokea hivyo pande zote mbili ubao unahesabiwa kuwa na pikseli 780. Sangara wa sentimita 48 anasomeka 51. Mchanga amepita. Ukiukosea kwa upande wa nje, mvuvi mwenye samaki halali anaambiwa amevunja sheria. Mzee anayesimama pale na samaki wake mkononi hana namna ya kujua kwamba ubishi wote umetokana na kipande cha rangi.

Na kuna siku ambazo kona haipo kabisa miongoni mwa wagombea, kwa sababu mkia wa samaki umeilalia. Wengi hukamilisha umbo kwa hesabu ya msambamba: jumlisha kona mbili zinazopakana na iliyofichika, utoe iliyo mkabala nayo. Kwa ubao wetu, kona ya chini kushoto ingekuwa (180, 595), wakati ya kweli ni (180, 600). Pikseli 5 zimepotea kwa sababu simu iliinama, na mistari iliyo sambamba ubaoni haikuwa sambamba tena kwenye picha. Sisi tunarudi kwenye kingo. Ukingo wa chini unaonekana hadi mkia unapoanza, na wa kushoto vivyo hivyo. Tunapitisha mstari mmoja juu ya nukta zote za ukingo wa kwanza, mwingine juu ya zile za ukingo wa pili, na kuirefusha hadi ikutane chini ya mkia. Mistari hiyo imebebwa na mamia ya pikseli, kwa hiyo makutano yake yana usahihi wa sehemu ya pikseli, na tangu tulipoyaona hayo tumekuwa tukizitafuta hivyo hata kona zilizo wazi: mgombea anatuonyesha tu mahali pa kuanzia, na nukta tunayoipeleka kwenye kipimo ni pale kingo mbili zinapokutana.