Kuanguka kwa Amri ya Kocha: Majeraha ya Uongo katika Futiboli ya Vyuo Vikuu vya Marekani

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunamzungumzia mchezaji anayelala chini ilhali ni mzima, na tunamzungumzia katika futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, ule mchezo wa kubeba na kurusha mpira wenye umbo la yai, ambako hila hiyo imewasumbua wasimamizi wa mchezo kwa miaka mingi. Kaka Gervas, wapo watakaosema kwamba hili si jipya, kwani kwenye soka tumeshazoea kumwona kipa akijilaza dakika ya 88 timu yake ikiwa inaongoza.

GERVAS: Lengo ni tofauti, dada Zuhura. Kipa yule anapoteza muda, lakini huyu wa futiboli mara nyingi anatafuta pumzi, tena si yake peke yake bali ya safu nzima ya ulinzi. Mchezo huu huendeshwa kwa majaribio mafupi ya kuusogeza mpira mbele. Jaribio moja likiisha, saa ya sekunde 40 huanza kuhesabu, na timu yenye mpira inaweza kuanza jaribio jingine mapema inavyotaka, mradi waamuzi wameshauweka mpira mahali pake. Ikiwa haijabadilisha mchezaji, waamuzi hawalazimiki kuwasubiri wapinzani wabadilishe wao, kwa hiyo watu wenye kilo 130 na zaidi hujikuta wamenaswa uwanjani, wanahema, wala hawana upenyo wa kutoka. Kila timu ina taimauti, yaani nafasi za kuomba mchezo usimamishwe, tatu tu katika kila nusu ya mchezo. Mtu mmoja akishika paja na kuanguka, mchezo unasimama bure.

ZUHURA: Na mwamuzi hana la kufanya, maana hakuna kipimo cha maumivu cha kubeba mfukoni. Akishuku, bado atasimamisha mchezo, na mimi nisingependa afanye vinginevyo.

GERVAS: Wala mimi. Adhabu pekee iliyokuwapo kwa miaka mingi ni kwamba aliyeumia atoke kwa jaribio moja, kisha anarudi. Kwa timu iliyochoka hiyo ni bei rahisi mno.

ZUHURA: Tuwape wasikilizaji kisa chenyewe.

GERVAS: Tarehe 13 Novemba 2010, mjini Berkeley. Timu ya Chuo Kikuu cha Oregon, chini ya kocha Chip Kelly, ilikuwa namba moja nchini, na kwa kasi hiyo niliyoieleza ilikuwa ikipata wastani wa zaidi ya pointi 50 kwa mechi. Siku hiyo wenyeji, timu ya Chuo Kikuu cha California, waliibana hadi Oregon ikaponea chupuchupu kwa pointi 15 kwa 13. Lakini kilichobaki midomoni mwa watu ni picha za video: mchezaji wa mstari wa mbele wa California amesimama wima, anatupa jicho kuelekea benchi la ufundi, kisha huyo anakwenda chini. Baadaye kocha wa safu hiyo, Tosh Lupoi, alikiri kwamba ndiye aliyemwagiza, na chuo kikamsimamisha kwa mechi moja.

ZUHURA: Hapo ndipo ninaposhikilia mimi. Yule kijana ni mwanafunzi, na nafasi yake ya kucheza, pengine hata ufadhili wake wa masomo, imo mikononi mwa watu walewale wanaompa ishara ya kuanguka. Uwanja mzima unamzomea yeye, ilhali aliyetoa amri amekunja mikono pembeni.

GERVAS: Nakubali kwa kiasi, ingawa mtu wa miaka 20 anajua kusema hapana. Isitoshe, hila hii ni kongwe kuliko mchezo wa kasi, na wanaoshambulia nao wameitumia. Tarehe 21 Novemba 1953, timu ya Chuo Kikuu cha Notre Dame, chini ya kocha Frank Leahy, iliyokuwa ikiongoza orodha ya ubora, iliikaribisha timu ya Chuo Kikuu cha Iowa. Zimebaki sekunde mbili kabla ya mapumziko na taimauti zimekwisha, mchezaji wake Frank Varrichione akashika mgongo, akapiga ukelele na kuanguka. Saa ikasimamishwa, na jaribio lililofuata likazaa pointi. Mwishoni mwa mchezo wakarudia mtindo ule ule, zikiwa zimebaki sekunde sita, na wakasawazisha 14 kwa 14. Notre Dame haikufungwa msimu ule, lakini kura za waandishi wa habari ziliipa timu ya Chuo Kikuu cha Maryland ubingwa.

ZUHURA: Kwa hiyo sare ile haikuwasaidia sana, na sisikitiki. Lakini angalia jinsi wakubwa walivyochelewa. Kitabu cha kanuni kinatamka waziwazi kwamba kujifanya umeumia ni udanganyifu unaokwenda kinyume na uanamichezo, ila tamko hilo halikuwa na meno. Mwaka 2022 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, iliruhusu malalamiko yapelekwe kwa mratibu wa kitaifa wa waamuzi ili video zipitiwe baada ya mechi, na hatua zikaachiwa ligi na vyuo vyenyewe.

GERVAS: Yaani kesi ya nyani ikapelekwa kwa ngedere.

ZUHURA: Ndiyo hivyo. SEC, mojawapo ya ligi hizo za vyuo, ilikuwa kali zaidi. Novemba 2024 kamishna wake, Greg Sankey, aliwaandikia makocha bila kuzunguka kwamba upuuzi huo ukome: kosa la kwanza kocha mkuu anakemewa hadharani na kutozwa dola 50,000, la pili dola 100,000, na la tatu anakosa mechi inayofuata.

GERVAS: Mimi navutiwa zaidi na kanuni ya mwaka 2025, kwa kuwa haimtaki mwamuzi asome moyo wa mtu. Wahudumu wa afya wakiingia uwanjani kumwangalia mchezaji baada ya mpira kuwekwa tayari kwa jaribio lijalo, timu yake inakatwa taimauti moja. Kama hazipo, inarudishwa nyuma au kusogezewa wapinzani yadi tano. Umeumia kweli au hukuumia, gharama ni ile ile.

ZUHURA: Hapo hapo ndipo penye walakini. Anayetaka kudanganya ataanguka mapema, kabla mpira haujawekwa, na hatalipa chochote. Aliyeumia kweli lakini akachelewa kuhisi, tuseme misuli imemkaza anaporudi kwenye nafasi yake, ndiye atakayeigharimu timu.

GERVAS: Basi wamweke nje mpaka zamu yote ya mashambulizi ya wapinzani iishe. Nani atajiangusha kwa bei hiyo?

ZUHURA: Hapana, kaka. Mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo akijua kwamba akikaa chini hatarudi hivi karibuni, atajikaza asimame, na daktari hatapata nafasi ya kumchunguza. Hila moja tutakuwa tumeizuia kwa kuwahatarisha wagonjwa wa kweli.

GERVAS: Sasa wewe ungefanyaje?

ZUHURA: Ningemwacha mchezaji, nikamgeukia kocha. Makocha wakuu wa SEC wanalipwa mamilioni ya dola kwa mwaka, kwa hiyo faini ya 50,000 haiwakoseshi usingizi. Adhabu ya kukosa mechi ningeiweka kwenye kosa la kwanza, video zikishathibitisha, wala nisingesubiri la tatu, kwa sababu msimu wa kawaida una mechi 12 tu na hakuna kocha anayependa kuitazama mojawapo akiwa sebuleni.